CD Iliyofanya Kompyuta Isahau Draivu Yake

Nyumba nyingi za Nairobi zina kale kasanduku juu ya kabati, kenye CD na DVD ambazo hakuna mtu amezigusa tangu deki ilipoharibika. Ruracio ya auntie. Harusi ya wazazi. Mazishi ya guka, masaa matatu mazima, na yule mtu wa kamera aliyependa sana kuvuta picha za maua. Siku moja mtu anaamua, sasa hizi zote naziweka kwa simu kabla hazijaharibika. Anaomba draivu ya kuchomea CD kwa beshte, anaichomeka, taa inawaka, mlango unafunguka na kufungika vizuri. Halafu anaangalia kwa skrini na anaona C peke yake. Windows inajifanya haijui kuna draivu hapo.

Wengi hapo husema imekufa na kuirudisha kwa mwenyewe. Mara nyingi haijakufa. Kompyuta ndiyo imesahau namna ya kuongea nayo, na kusahau huko kuna historia. Ndani yake kuna kampuni kubwa, wanasheria, kalamu nyeusi ya dukani na fundi mmoja wa Manhattan. Ilifika kilele mwaka 2005, wakati wengi wenu mlikuwa mnanyonya ama hamjazaliwa, kwa hivyo sitarajii mjue. Kaeni chini.

CD za kwanza za kuuzwa zilitengenezwa tarehe 17 Agosti 1982 katika kiwanda cha Langenhagen, karibu na Hanover, Ujerumani. Zilikuwa za ABBA, albamu ya The Visitors. Oktoba mosi mwaka huo huo Sony ikaanza kuuza mashine ya kuzicheza kule Japani. Philips ya Uholanzi na Sony ndizo zilizokaa mezani zikapanga CD iweje: upana wa sentimita 12, muziki wa dakika 74, namba zimeandikwa kwa vishimo vidogo ambavyo leza inavisoma. Walifikiria karibu kila kitu, hata mikwaruzo. Kitu ambacho hawakuweka ni kufuli.

Na usiwacheke. CD moja ilibeba karibu megabaiti 650. Mwaka 1983 IBM ilipotoa kompyuta yake ya XT, diski yake ya ndani ilikuwa ya megabaiti 10. Yaani ungehitaji kompyuta 65 za bei mbaya ndio unakili CD moja. Kuweka kufuli hapo ilikuwa kama kuweka askari getini alinde mlima Kenya usiibiwe.

Basi mlima ukaanza kubebwa. Mwisho wa miaka ya 1980 kampuni ya Japani ya Taiyo Yuden ilitoa diski tupu yenye rangi maalum ndani. Leza yenye nguvu inaichoma hiyo rangi mahali fulani, na mashine ya kawaida inasoma hizo alama kana kwamba ni vishimo. Ndio maana tunasema kuchoma CD. Ni kuchoma kweli, si mafumbo. Mashine za kwanza za kufanya hivyo zilikuwa mali ya studio na makampuni, bei ya gari zuri. Halafu Septemba 1995 Hewlett-Packard ikatoa modeli ya 4020i kwa dola 995, ya kwanza kushuka chini ya dola 1000. Kutoka hapo bei ikaanguka kama mtu ameisukuma.

Siku hizo za kwanza kuchoma CD ilikuwa ibada. Leza haikuweza kusimama katikati. Kama kompyuta ingechelewa hata kidogo kuleta data, diski ilikuwa imeharibika milele na kazi yake ilibaki kuwekea kikombe cha chai. Ulianzisha kuchoma, ukatoa mkono kwa mausi, ukaomba stima isipotee. Mwaka 2000 Sanyo ikaleta ujanja iliouita BURN-Proof, uliowezesha leza kusimama na kuendelea pale pale ilipoachia, na hiyo presha ikaisha.

Hapa kwetu mnajua ilivyokuwa, ama muulizeni mtu wa miaka arobaini. River Road na mitaa inayoizunguka ilitoka kwa kaseti ikaingia kwa CD. Madiijei walichoma miksi, miksi zikaingia kwa matatu, na matatu ndiyo ilikuwa redio ya kweli ya mtaa. Riverwood, zile filamu za lugha za mama, iliishi kwa diski. Duka la filamu lilikuwa kila kona na DVD ilikuwa shilingi 50. Na katika saiba, programu iliyotajwa sana ilikuwa Nero. Jina lake kamili ni Nero Burning ROM, utani wa Wajerumani kuhusu Mfalme Nero na Roma iliyoungua. Alama yake ilikuwa uwanja wa Colosseum ukiwaka moto. Shida ni kwamba Nero alikufa mwaka 68 na Colosseum ilifunguliwa mwaka 80. Hakuna aliyejali, CD zilitoka safi.

Sasa, kampuni za muziki zilikuwa zinaangalia haya yote zikitokwa jasho. Napster ilifunguliwa 1999, ikafungwa 2001, lakini watu walishaonja. Na niseme wazi, hasira yao ilikuwa na msingi. Msanii ambaye CD yake inauzwa na mtu mwingine kando ya barabara anaumia, na wa Riverwood waliumia kuliko wa Marekani kwa sababu hawakuwa na kitu kingine cha kutegemea. Swali ni walichochagua kufanya.

Walichagua kufuli, miaka ishirini baada ya nyumba kujengwa bila mlango. Mwaka 2002 albamu ya Celine Dion ilitoka sehemu za Ulaya ikiwa na kinga iliyoitwa Key2Audio. Ukiiweka kwa kompyuta ya Apple, kompyuta inaganda na diski inakataa kutoka. Halafu watu wakagundua kwamba ukichukua kalamu ya wino mzito ukapaka ukingo wa diski, kinga imekwisha. Kalamu tu, ile ya kuandika jina kwa begi la shule. Philips nayo, waliosaidia kuizaa CD, wakasema diski za namna hii hazifai kubeba nembo ya CD kwa sababu hazifuati kanuni.

Mwaka uliofuata ikaja nyingine, MediaMax ya kampuni ya SunnComm. Mwanafunzi wa Princeton anayeitwa J. Alex Halderman akaandika kwamba ukibonyeza kitufe cha Shift unapoingiza diski, programu ya kinga haianzi, na unanakili muziki kama kawaida. SunnComm wakatishia kumshtaki wakitaja hasara ya dola milioni 10. Kwa kuandika kuhusu Shift! Walirudi nyuma haraka, pengine mtu aliwaeleza itasikikaje mbele ya jaji.

Kufikia hapo mtu mwenye akili angeacha. Lakini kama kufuli ya juu inafunguliwa na kitufe kimoja, wengine waliona dawa ni kuizika chini zaidi, mahali ambapo mwenye kompyuta hawezi kuiona. Mwaka 2005 Sony BMG, iliyozaliwa mwaka mmoja kabla kwa muungano wa Sony na Bertelsmann, ilikuwa inauza Marekani albamu zenye programu iitwayo XCP, iliyotengenezwa na kampuni ya Uingereza, First 4 Internet. Albamu 52. Unaweka CD kwa kompyuta, inakuletea mkataba mrefu, unabonyeza nimekubali kama sisi wote tunavyofanya, na inaingia. Kuanzia hapo unaruhusiwa kuchoma nakala tatu tu.

Hiyo ya nakala tatu si mbaya. Ubaya ni jinsi ilivyojificha. XCP ilibadilisha moyo wa Windows ili kila faili ambalo jina lake linaanza na $sys$ lisionekane kabisa. Si kwako, si kwa antivirusi. Mbinu hiyo inaitwa rutikiti, na kabla ya hapo ilikuwa kazi ya wezi wa mitandaoni. Fundi mmoja mwenye duka la kutengeneza kompyuta Manhattan ndiye aliyekutana nayo mapema, kwa mashine za wateja wake. Kila akiitoa, draivu ya CD ilikuwa inaacha kufanya kazi. Mwishoni mwa Septemba 2005 akapeleka alichopata kwa F-Secure, kampuni ya usalama ya Finland, na mwanzoni mwa Oktoba F-Secure wakawaambia Sony BMG. Wiki zikapita kimya kimya.

Tarehe 31 Oktoba 2005 ikavunjika hadharani. Mark Russinovich, mtaalamu wa Windows ambaye alikuwa ameandika programu yake ya kusaka rutikiti, aliijaribu kwa kompyuta yake mwenyewe na ikapiga kelele. Akafuatilia nyuzi mpaka akafika kwa CD ya kundi la Van Zant aliyoinunua kihalali, kwa pesa yake. Akafuta zile faili. Akafungua orodha ya draivu. Draivu ya CD haikuwepo.

Hapa tusimame, kwa sababu hapa ndipo kisa cha Van Zant na kile cha DVD ya mazishi ya guka vinakutana.

Windows haiongei na draivu moja kwa moja. Ombi linapita kwa mikono kadhaa, kama faili ya kipande cha ardhi kwa ofisi ya serikali: karani, halafu karani mwingine, halafu mkubwa. Kila mkono ni programu ndogo inayoitwa draiva. (Draivu ni chuma, draiva ni programu. Sikuchagua mimi hayo majina.) Windows pia inaruhusu programu za nje kujiweka katikati ya huo msururu, zikague kila kinachopita. Hao wanaitwa vichujio. Majina yao yanaandikwa kwa rejista ya Windows, kwa mistari miwili: UpperFilters kwa wa juu na LowerFilters kwa wa chini.

Kichujio kikiwa halali kina faida. Programu za kuchoma zilikiweka ili zidhibiti uandishi, na iTunes ya Windows pia ilikuwa na chake. XCP iliweka chake ili ihesabu nakala na ivuruge muziki ukijaribu kuunakili kwa njia nyingine. Ubaya uko kwa kanuni moja ya Windows ambayo ni ngumu kama mawe: kama jina la kichujio limeandikwa kwa orodha lakini faili lake halipo, msururu wote unakataa kuanza. Windows hairuki karani aliyestaafu. Inasimamisha ofisi. Draivu inawaka, inapata stima, inazungusha diski, lakini kwa upande wa Windows imefutika.

Kwa hivyo Russinovich alipofuta faili za XCP bila kutoa majina yao kwa orodha, draivu ikapotea. Yeye alijua kurudi kwa rejista na kuyafuta. Mtu wa kawaida angenunua draivu mpya. Fikiria: umenunua CD halali dukani, umejaribu kutoa uchafu ulioingizwa bila wewe kuelezwa, na adhabu yako ni kupoteza draivu. Wakati huo yule jirani aliyeiba muziki huo kwa intaneti ana MP3 safi na kompyuta nzima. Kinga iliyomlenga mwizi ilimgonga mteja peke yake.

Siku chache baadaye mkubwa mmoja wa Sony BMG, Thomas Hesse, alihojiwa na redio ya NPR akasema kwamba watu wengi hata hawajui rutikiti ni nini, sasa kwa nini waijali. Kisiasa huo ni msemo wa kujichimbia kaburi, lakini nadhani alisema ukweli wa walivyofikiria. Mtu asipoelewa, hana haki ya kulalamika. Tumeusikia huo wimbo kwa ofisi nyingi.

Kisha ikawa sarakasi. Wachezaji wa World of Warcraft waligundua kwamba wakiyapa mafaili yao ya kudanganya jina la $sys$, mchezo hauyaoni. Waandishi wa virusi wakafanya vivyo hivyo. Sony BMG wakatoa programu ya kuondoa XCP, lakini uipate kwanza ujaze fomu na utoe baruapepe yako, na Halderman yule yule wa Shift, pamoja na mwalimu wake Ed Felten, wakaonyesha kwamba dawa hiyo inaacha mlango wazi ambao tovuti yoyote inaweza kuutumia kuingia kwa kompyuta yako. Watafiti wengine wakakuta ndani ya XCP vipande vya programu huria kama LAME, vilivyotumiwa bila kufuata leseni. Walinzi wa hakimiliki, wasee!

Katikati ya Novemba diski zikaanza kurudishwa. Kampuni yenyewe ilisema karibu milioni 4.7 zilikuwa zimepelekwa madukani na milioni 2.1 zilishauzwa. Mkuu wa sheria wa jimbo la Texas akaenda mahakamani tarehe 21 Novemba, wateja nao wakafungua kesi zao, na Januari 2007 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ikafikia makubaliano na Sony BMG: wateja wanaweza kulipwa hadi dola 150 kwa uharibifu uliotokea walipojaribu kuitoa hiyo programu. Hiyo ya dola 150 ndiyo sehemu ninayoipenda. Draivu iliyopotea, ile ambayo mafundi walikuwa wanaambiwa ni yao wenyewe wameharibu, ikaandikwa kwa karatasi ya serikali kuwa ni hasara yenye bei.

Mtu ataniambia hayo ni mambo ya CD na CD zimekwisha. MacBook Air ilitoka 2008 bila draivu, Netflix ikafungua Kenya Januari 2016, na maduka ya filamu yakaanza kujaza flashi. Sawa. Lakini ukicheza Valorant, mchezo unaweka draiva inayoitwa Vanguard, inayoanza pamoja na Windows na kukaa chini kabisa ikiangalia unachofanya. Na zile simu za kulipa kidogo kidogo zina programu ndani inayoifunga simu ukikosa malipo, na hata ukiisafisha yote haitoki. Kwangu tofauti ni moja: Vanguard inajulikana na unaweza kuiondoa, na simu ya mkopo unaambiwa kabla hujasaini. XCP haikusema. Hapo ndipo ninapochora mstari, na kama wewe unauchora juu zaidi sitagombana na wewe.

Sasa turudi kwa kasanduku, maana najua wengine mlisoma mkingoja hii.

Kwanza toa shaka ya chuma. Draivu ndogo ya USB inataka umeme mwingi kuliko tundu moja la laptopu ya zamani linavyotoa, ndio maana nyingine zina waya wenye vichwa viwili. Chomeka vyote viwili, na ichomeke kwa kompyuta yenyewe, si kwa kigawanyi. Kama inasoma DVD lakini inakataa CD, ujue zina leza mbili tofauti, na moja inaweza kufa nyingine ikibaki nzima. Hiyo hakuna rejista itakayoiponya.

Kama iko hai lakini Windows haiioni, fungua Device Manager. Ukiikuta pale na alama ya mshangao ya njano, na maelezo yanataja kodi 19, 31, 32 ama 39, una kesi ya karani aliyestaafu. Fungua regedit, nenda kwa HKEY_LOCAL_MACHINE, SYSTEM, CurrentControlSet, Control, Class, halafu tafuta ile inayoanza na 4D36E965. Hakikisha imeandikwa DVD/CD-ROM kwa jina lake, kwa sababu zilizo jirani ni za vifaa vingine na ukigusa vibaya utalia. Hifadhi nakala yake kwanza kwa Export. Kisha futa UpperFilters na LowerFilters zilizo kulia, kama zipo, na uwashe upya kompyuta. Programu yoyote ya kuchoma itakayolalamika baada ya hapo, iweke tena.

Halafu anza na diski zilizochomwa nyumbani, zile zenye mgongo wa kijani ama bluu zilizoandikwa kwa kalamu. Zile za kiwandani zina vishimo vya kweli, zitangoja. Za kuchomwa ni rangi tu, na rangi hupauka kwa joto na jua. Diski ikikwama katikati usiitoe kwa hasira. Ijaribu kwa draivu nyingine, kwa mwendo wa polepole, kwa sababu leza mbili hazisomi sawa. Mazishi ya guka yanaingia kwa gigabaiti 4.7. Simu uliyoshika sasa hivi ina nafasi ya kutosha.